Kilo 90 za Joe Louis

Ukianza ubishi wa nani alikuwa na ngumi nzito kuliko wote, haichukui muda kabla mtu hajatoa simu na kuanza kusoma asilimia. Deontay Wilder, Mmarekani wa uzito wa juu, kabla hajakutana na Mwingereza Tyson Fury mwaka 2018, alikuwa ameshinda mapambano 40, na 39 kati ya hayo kwa KO, yaani mpinzani hakufika kengele ya mwisho. Mtu pekee aliyefika naye kwenye kengele ya mwisho, Bermane Stiverne, walirudiana mwaka 2017 akalazwa raundi ya kwanza. Joe Louis, bingwa wa dunia wa uzito wa juu kuanzia 1937 hadi 1949, alishinda 66 na KO zake ni 52. Piga hesabu: Wilder anapita asilimia 97, Louis hafiki hata 80. Halafu mwingine anaongeza la mizani. Louis wa miaka ya ubora wake alikuwa na kilo 90 hivi, na leo mtu wa kilo 90 anapelekwa uzito wa kruza, hata haruhusiwi kukaa meza moja na wakubwa. Basi, wanasema, wazee walikuwa wanapigana na watu wadogo wenzao, na mjadala umefungwa.

Hoja hiyo ina mantiki yake na sipendi inavyobezwa na mashabiki wa zamani. Ngumi ni uzito na kasi. Ukiongeza mwili na kasi isipungue, kinachofika kwenye kidevu cha mwenzako kinaongezeka. Mabondia wa sasa wanakula vizuri zaidi, wanafanya mazoezi ya nguvu ambayo walimu wa enzi za Louis waliyaogopa wakidhani yanakaza misuli, na wanaokutana nao ulingoni ni majitu kweli. Fury ana urefu wa sentimita 206 na anacheza kwa miguu kama mtu wa uzito wa kati. Louis hakuwahi kukutana na kiumbe wa namna hiyo, na anayesema angemlaza kirahisi anasema kwa mapenzi.

Lakini hebu tuisome mizani hiyo hiyo hadi mwisho. Usiku ule wa Los Angeles, Desemba 1, 2018, Wilder alipanda ulingoni akiwa na kilo 96, Fury akiwa na 116. Yaani mtu anayetajwa kuwa na ngumi nzito kuliko wote wa kizazi hiki ni miongoni mwa wepesi kuliko wote katika daraja lake. Miguu yake ni myembamba, kiuno chembamba, na kwa mwili huo huo anaangusha watu wanaomzidi kilo ishirini. Kama kilo ndizo ngumi, wa kuogopwa angekuwa Fury. Mimi nashangaa kwamba watu wanaotumia uzito kumshusha Louis wanamtumia Wilder kama ushahidi, wakati Wilder ndiye ushahidi wa kinyume chake. Tofauti kati yake na Louis ni kilo sita au saba tu.

Sasa linganisha. Juni 1935, uwanja wa Yankee, New York, Louis alikuwa na kilo 89 na Primo Carnera, Mtaliano aliyekuwa ametoka kuvuliwa ubingwa wa dunia mwaka uliotangulia, alikuwa na 118. Pengo ni kilo 29, kubwa kuliko lile la Wilder na Fury. Carnera alikwenda chini na pambano likasimamishwa raundi ya sita. Januari 1942, Buddy Baer alipanda na kilo 113 hivi dhidi ya 94 za Louis. Hakumaliza raundi ya kwanza. Mtu anaweza kuniambia Carnera hakuwa Fury, na ni kweli kabisa: alikuwa mzito wa miguu, mapambano yake mengi ya awali yalinuka harufu ya kupangwa, na Max Baer, kaka wa Buddy, alishamwangusha mara nyingi kabla ya Louis kumgusa. Nakubali. Ninachokataa ni hadithi kwamba Louis hakuwahi kuona watu wakubwa.

Na kama Carnera hatoshi, nina Paulino Uzcudun. Huyu jina lake limesahaulika, nami huwa namtaja kabla ya Mjerumani Max Schmeling. Alikuwa Mbasque wa Hispania, mfupi, mnene wa shingo, aliyepigana kwa kujikunja huku mikono imepishana mbele ya uso. Alishapigana na Schmeling, na Carnera, na Max Baer, ambaye walikwenda naye raundi 20 kule Reno mwaka 1931, na hakuna kati yao aliyeweza kumlaza. Desemba 1935, Madison Square Garden, Louis alimzunguka raundi tatu kwa uvumilivu, akimchokonoa kwa mkono wa kushoto. Raundi ya nne Uzcudun akafungua ile ngome kidogo achungulie. Ngumi ya kulia ikapita hapo hapo, ikamnyanyua, meno yakatoboa mdomo. Alisimama, pambano likakatishwa muda mfupi baadaye, na Uzcudun hakupigana tena maisha yake yote. Hiyo ndiyo takwimu ninayoitaka mimi: mtu ambaye hakuna aliyeweza kumlaza, umemfanya nini?

Asilimia haikujibu swali hilo. Inakuambia wangapi wameanguka, haikuambii walikuwa akina nani. Sisi wa Afrika Mashariki tunapaswa kulijua hili kuliko wengine, maana John Mugabi wa Uganda, aliyeitwa Mnyama, alifika Las Vegas Machi 1986 kupigana na Marvin Hagler, bingwa wa uzito wa kati, akiwa ameshinda kila pambano lake kwa KO. Asilimia mia moja kamili. Hagler alikula makonde ambayo yalikuwa yamelaza kila mtu, akabaki wima, na raundi ya 11 aliyekaa chini alikuwa Mugabi. Ngumi za Mugabi zilikuwa nzito kweli, lakini zile asilimia zilikuwa zimepatikana kwa watu ambao si Hagler.

Kuna pia raundi. Ubingwa ulipiganiwa raundi 15 hadi miaka ya 1980. Baada ya Mkorea Duk Koo Kim kufariki kutokana na pambano lake la mwaka 1982, zikapunguzwa kuwa 12. Zingatia maana yake kwa ngumi. Septemba 1952, Philadelphia, Rocky Marciano alikuwa nyuma kwenye karatasi za majaji wote watatu dhidi ya Jersey Joe Walcott. Raundi ya 13 akatoa ngumi fupi ya kulia, Walcott akateremka taratibu na mkono mmoja umenasa kwenye kamba. Marciano alikuwa na kilo 84! Kwa sheria za leo ile ngumi isingerushwa. Walcott angebaki bingwa kwa pointi, na rekodi ya Marciano ya mapambano 49 bila kupoteza isingekuwepo. Nimeiwaza hii mara nyingi sana, kwa sababu inamaanisha kwamba hata orodha yenyewe ya KO tunayolinganisha imeandikwa kwa vipimo viwili tofauti vya muda. Wa zamani walikuwa na dakika tisa zaidi za kumtafuta mtu aliyechoka, na hilo liliwasaidia. Lakini pia walitakiwa wabaki na ngumi nzito katika dakika ya 37, jambo ambalo bondia wa leo hajawahi kuulizwa.

Sheria nyingine ziliwapendelea kweli, na haki isemwe. Jack Dempsey alipomwangusha Jess Willard mara saba katika raundi moja mwaka 1919, kilo 85 dhidi ya 111, hakulazimika kurudi kona ya mbali. Alisimama pembeni ya Willard akingoja magoti yanyooke ampige tena. Glavu za enzi hizo zilikuwa ndogo kuliko wakia 10 wanazovaa wakubwa leo. Waamuzi nao waliacha watu wapigwe kupita kiasi. Ndiyo maana Dempsey simtumii kama hoja. Kwa upande wa pili, mwamuzi wa leo anaingilia mapema, mtu bado amesimama, na inaandikwa TKO na kuhesabiwa pamoja na nyingine. Hiyo inaipandisha asilimia ya wa sasa bila ngumi kuongezeka hata gramu.

Shahidi wa pande zote mbili yupo, naye ni George Foreman. Januari 1973, Kingston, alimwangusha Joe Frazier mara sita ndani ya raundi mbili. Oktoba 1974 alifika Kinshasa akiwa na ushindi 40, KO 37, na Muhammad Ali akamwacha apige kamba, mikono na mbavu hadi akaishiwa, akamlaza raundi ya nane. Miaka ishirini baadaye, Novemba 1994, Foreman mwenye miaka 45 alipanda ulingoni Las Vegas na ile ile kaptula nyekundu ya Kinshasa. Kwenye kona yake alikuwa Angelo Dundee, ambaye Kinshasa alikuwa kona ya Ali. Raundi tisa Michael Moorer, bingwa, kijana, hajawahi kupoteza, alimpiga atakavyo. Raundi ya kumi ikaja ngumi fupi ya kulia, haikusafiri hata futi mbili, na Moorer alihesabiwa hadi kumi akiwa chali. Ngumi ya mwaka 1973 ilivuka enzi nzima, ikiwa imepoteza miguu, pumzi na kasi, na bado ikamlaza bingwa wa enzi mpya. Ni kweli Foreman alikuwa ameongezeka kilo kama 15. Hata hivyo, anayedai ngumi za zamani zisingefanya kazi leo lazima amweleze Moorer kwanza.

Nadhani tunachanganya vitu viwili tunaposema ngumi nzito. Kuna uzito wa konde moja, na kuna kumaliza. Kwa konde moja, Wilder namweka juu kabisa, pamoja na Foreman na Earnie Shavers. Larry Holmes alipigana na Shavers na pia na Mike Tyson, na amesema mara nyingi kwamba Shavers ndiye aliyempiga kwa nguvu zaidi. Mwaka 1979 Shavers alimwangusha Holmes raundi ya saba kwa ngumi ambayo ukiitazama leo bado unakunja uso. Holmes akainuka, na raundi ya 11 Shavers ndiye aliyesimamishwa. Shavers hakuwahi kushika mkanda wa dunia. Wilder alimwangusha Fury mara nne katika mapambano yao matatu, na mara zote nne Fury akainuka, na hakuna hata moja kati ya hayo matatu aliloshinda Wilder.

Louis alifundishwa na Jack Blackburn kutembea bila kunyanyua miguu, uzito uko chini ya viatu muda wote, ili ngumi ya pili iwe tayari kabla ya ya kwanza kurudi. Alitetea ubingwa mara 25 na ni mapambano matatu tu kati ya hayo yaliyofika kwa majaji. Tommy Farr alimaliza naye raundi 15, na hawakurudiana. Arturo Godoy alimaliza naye, Walcott alimaliza naye, na wote wawili waliporudi walisimamishwa. Schmeling aliyemlaza mwaka 1936 alirudi Juni 1938: sekunde 124. Ukiitazama filamu, tazama pale Schmeling anapojishikiza kwenye kamba ya juu kwa mkono wa kulia, mwili umegeuka, na kulia ya Louis inazama ubavuni karibu na mgongo. Waliokaa karibu na ulingo walimsikia akipiga yowe. Mfupa wa uti wa mgongo ulikuwa umepasuka, na yaliyobaki yalikuwa makonde mfululizo hadi kona yake ikarusha taulo.

Fury alipoinuka katika raundi ya 12 kule Los Angeles zilikuwa zimebaki kama dakika mbili. Wilder alimfuata kwa ngumi za mbali, za kuzungusha, nyingi zikapita hewani, na hadi kengele inalia Fury ndiye aliyekuwa anasonga mbele. Juni 1941, Polo Grounds, New York, Billy Conn alikuwa anaongoza dhidi ya Louis, mwepesi, mwenye akili, anaelekea kuchukua ubingwa. Raundi ya 13 kulia ya Louis ikampata. Conn hakuanguka, alitikisika tu. Louis akapiga tena, na tena, kila moja fupi, kila moja imefika, na Conn akahesabiwa hadi kumi zikiwa zimebaki sekunde mbili raundi iishe.