Milionea wa Busia

Mimi ni milionea, ingawa hakuna anayenisalimia kwa heshima inayolingana na cheo hicho. Mwezi uliopita nilipokea mshahara wangu wa shilingi milioni moja za Uganda, nikautia mfukoni, nikavuka kwa mwendo wa mtu aliyefanikiwa hadi Busia ya pili, ile ya Kenya, kumtembelea shemeji aliyemwoa dada yangu. Wabadilishaji wa fedha, wale vijana wanaoshika vibunda vya noti kama wacheza karata, waliniambia kwamba shilingi moja ya kwao ni 28 za kwetu. Nikaondoka na 35,700 na ushei. Umilionea wangu ulikuwa umekufa hatua chache tu baada ya mpaka, bila hata matanga.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba shemeji, ambaye hulipwa 40,000 na kulalamika mwezi mzima kuwa yeye ni fukara, akivuka kuja kwetu hugeuka milionea palepale, tena wa kunizidi mimi. Huja Jumamosi, hununua trei mbili za mayai yetu, huzifunga nyuma ya baiskeli kwa mpira, kisha hunieleza jinsi Uganda ilivyobaki nyuma. Mayai yametulia nyuma yake, yanasikiliza.

Nilimkumbusha siku moja, tukiwa mezani kwake, kwamba elimu ya msingi bila karo sisi tuliianza mwaka 1997, wao wakaja kuamka 2003. Aliuliza, kwa upole wa kuchoma, mbona basi watoto wangu wote watatu wako katika shule ya kulipia. Nikainamia sahani kutafuta nyama. Palikuwa na ugali na sukuma wiki tu, kwa hiyo niliitafuta kwa muda mrefu. Kwangu angekuta matoke, wali, muhogo na posho vimebanana kwenye sahani moja chini ya mchuzi wa karanga, na mtu hupata mahali pa kuficha uso.

Umeme nao una dharau yake. Bwawa la Jinja, lililofunguliwa mwaka 1954, ni letu, na Uganda imekuwa ikiiuzia Kenya umeme miaka na miaka. Lakini ukikatika kwetu, mimi huketi barazani gizani nikitazama taa za ng'ambo zinavyomeremeta, huku nikishuku kwamba shemeji anasoma gazeti kwa nguvu ya maji ya mto wetu.

Akizidi kujisifu, humtolea historia. Kabla ya mwaka 1902, Waingereza walipoumega Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuutia katika nchi ambayo leo ni Kenya, Uganda ilifika hadi Naivasha, na Kisumu ilikuwa ndani yake. Reli iliyofika huko mwaka 1901 iliitwa Reli ya Uganda: sisi tukabaki na jina, wao wakachukua stesheni. Shemeji hujibu kwamba yeye hakuwepo. Hata mimi sikuwepo, lakini uchungu ninao.

Hayo yote ningeyavumilia kama si simu. Nyumba yangu iko karibu na mpaka kiasi kwamba mtandao wa Kenya huingia chumbani bila kubisha. Nikilalia upande wa ukutani, simu hulia saa nane za usiku na kuniambia "Karibu Kenya", nami nimejifunga shuka. Nikigeukia dirishani, narudi nyumbani. Wiki jana nilitazama video moja ya mpira kitandani, na bando la mwezi mzima likatozwa kama la msafiri, kana kwamba nilikuwa hotelini Mombasa. Tangu hapo, nikitaka kupiga simu kwa bei ya wananchi, hutoka hadi kwenye mparachichi ulio nyuma ya jiko, nikasimama na mkono juu, na majirani wameshaanza kuulizana kama ule mti ndio ninaouomba mvua.

Jana usiku nilipokuwa naufungua mlango taratibu, mke wangu alisema bila kufumbua macho:

"Baba Wandera, ukirudi kutoka Uganda, niletee maji ya kunywa."