Bondia mkongwe na mizani: kilo zinazoamua pambano kabla ya kengele

Bondia mkongwe akitangaza kurudi ulingoni, mashabiki huuliza kama mikono bado ina kasi. Kocha anayeijua kazi huuliza mambo mawili: ana kilo ngapi leo, na pambano ni lini? Ukiyapata majibu hayo mawili, tayari umejua mengi kuhusu usiku wenyewe utakavyokwenda.

Tumchukue mtu wa mfano. Alikuwa bingwa wa welta, ambako kikomo ni pauni 147, yaani kilo 66.68. Amekaa nje miaka mitatu, ana miaka 38, na asubuhi kabla ya kunywa chochote mizani inasoma kilo 84. Promota anampa wiki 16. Mwili unaoshuka kwa asilimia 0.7 hivi kwa wiki hupoteza zaidi mafuta; ukilazimishwa kupita asilimia 1, misuli nayo huanza kuliwa kwa kasi. Kwa mwendo huo wa taratibu, wiki 16 zikiisha atakuwa na kilo 75. Kilo 8 na ushee zitakuwa zimebaki, sawa na asilimia 11 ya mwili wake. Muda wa kuchoma mafuta utakuwa umekwisha, kwa hiyo zitatolewa kwenye maji.

Wanaotaka arudi welta hata hivyo wana hoja nzito. Umbo lake, mifupa na urefu wa mikono, ni la welta. Akipanda hadi uzito wa kati wa pauni 160 (kilo 72.6), ngumi iliyokuwa ikiwaangusha wenzake itakutana na watu wanaoingia ulingoni na kilo 78 au 80, na zao atazipokea akiwa na mwili ambao haujawahi kubeba mapigo ya namna hiyo. Nguvu ya ngumi humtoka bondia mwisho kabisa. Miguu ndiyo hutangulia. Mkongwe ambaye miguu imeanza kuchelewa, ukimwongezea kilo sita za kubeba, atajikuta kwenye kamba mapema.

Upande huu una hoja nyingine ambayo watu wengi hawaijui. Husemwa kwamba baada ya miaka 30 mwili "unapoa", hauchomi tena chakula kama zamani. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2021, uliopima watu wa rika zote, ulionyesha kwamba matumizi ya nishati, ukizingatia kiasi cha misuli na viungo, hayabadiliki sana kati ya miaka 20 na 60. Bondia wetu hakunenepa kwa sababu ya umri. Alinenepa kwa sababu saa tatu za mazoezi kwa siku ziliondoka na sahani ikabaki ileile. Maana yake ni kwamba mafuta hayo yanaweza kutoka akipewa muda wa kutosha.

Mifano ipo. Bernard Hopkins alishinda mkanda wa dunia akiwa na miaka 46 mwaka 2011, kisha tena akiwa na 48 mwaka 2013. Manny Pacquiao, baada ya karibu miaka minne nje, alipanda mizani Julai 2025 akiwa na miaka 46 na pauni 146.8, akaenda raundi 12 na Mario Barrios, pambano la ubingwa wa welta la Baraza la Ngumi la Dunia (WBC), wakatoka sare. Lakini hawa wawili ni watu wa aina moja. Hopkins hakuwahi kuuachia mwili wake kati ya pambano na pambano. Pacquiao alianza ngumi za kulipwa akiwa chini ya pauni 110, kwa hiyo kwake welta ni uzito wa kupandia, si wa kushukia. Mizani ilimshinda alipokuwa kijana: mwaka 1999 aliukosa uzito wa pauni 112, akapoteza mkanda hapohapo, halafu akaangushwa raundi ya tatu na Medgoen Singsurat. Kumtaja Pacquiao kama ushahidi kwamba mkongwe yeyote anaweza kurudi uzito wake wa zamani ni kosa la hesabu.

Upande wa pili una mifano inayouma zaidi. Desemba 2008 Oscar De La Hoya, mwenye miaka 35, alishuka welta kupigana na Pacquiao huyohuyo. Hakuwa amepigana uzito huo tangu 2001. Kwenye mizani alisoma pauni 145, mbili chini ya kikomo, na wengi wakasifia nidhamu yake. Usiku wa pambano alipanda ulingoni na pauni 147, wakati Pacquiao, aliyetokea chini, alikuwa na 148.5. Yaani mtu mkubwa alikuwa mdogo kuliko mtu mdogo. Mwili uliokauka ulikataa kurudisha maji. Baada ya raundi nane alibaki kwenye kiti, hakuendelea.

Mfano wa Muhammad Ali unafundisha zaidi kwa sababu uzito wa juu hauna kikomo. Hakuna mizani iliyomlazimisha. Oktoba 1980, akiwa na miaka 38, alikwenda kwa Larry Holmes na pauni 217.5. Kwa macho alionekana kijana, tumbo limekwisha, nywele nyeusi. Sehemu ya kilo hizo ilitolewa na dawa za tezi ya shingo, ambazo huchoma misuli pamoja na mafuta na kuupandisha moyo mbio. Kona yake, yaani wasaidizi wake, ilisimamisha pambano baada ya raundi ya 10. Namba ilikuwa nzuri, ila kilichopotea ndicho kilichokuwa kikimbeba.

Hapo ndipo msimamo wetu ulipo. Ubishi wa "ashuke au apande" huishia kwenye namba ya mizani, wakati jambo lenyewe ni kilo hizo zimetengenezwa na nini. Tuziangalie kwa karibu za wiki ya mwisho.

Kilo ya kwanza ni ya utumbo. Siku tatu hadi nne za vyakula visivyo na nyuzinyuzi nyingi hutoa nusu kilo hadi kilo nzima, bila jasho. Inayofuata ni wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini: kila gramu yake imeshika gramu tatu hivi za maji. Ukishusha wanga chini ya gramu 50 kwa siku kwa siku tatu hadi tano, kilo moja hadi mbili huondoka. Ongeza kupunguza chumvi, na usiku mmoja wa kulala ambao huondoa nusu kilo kwa pumzi na mkojo. Kwa mtu wa kilo 75, asilimia 3 inapatikana hivi, bila sauna (chumba cha joto cha kutoa jasho) kabisa au kwa jasho kidogo tu la kumalizia.

Kuanzia hapo kila gramu inatoka kwenye damu na ndani ya seli. Hiki ndicho kipindi cha maji ya moto ya nyuzi 39 au 40, dakika 10 hadi 15, kisha kujifunika mataulo, kisha tena. Mara ya kwanza jasho hutiririka. Mara ya nne au ya tano ngozi inakuwa moto na kavu, midomo inapasuka, mapigo ya moyo yako juu mtu akiwa amelala. Msaidizi asiyejua hudhani muda ni mfupi, anaongeza dakika. Anayejua humtoa mara moja, kwa sababu ngozi kavu yenye joto inaonyesha mwili umeshindwa kujipoza. Mwaka 1997 wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walikufa ndani ya wiki chache wakikata uzito kwa njia za namna hii, na walikuwa vijana.

Kwa mkongwe kuna jambo la ziada, nalo ndilo linalotutia hofu kuliko yote. Ubongo husinyaa kidogo kidogo kadiri umri unavyosonga, nafasi kati yake na fuvu inaongezeka, na mishipa midogo ya damu inayovuka nafasi hiyo inakaa ikiwa imevutika. Ngumi inapotikisa kichwa, mishipa hiyo ndiyo hukatika na kuvujia damu chini ya utando wa ubongo, jeraha linaloongoza kwa kuua mabondia. Madaktari hubishana ni kwa kiasi gani mwili mkavu unaongeza hatari hiyo. Kuhusu umri hawabishani.

Watetezi wa kushuka hujibu kwamba siku hizi uzito hupimwa siku moja kabla, kwa hiyo maji yatarudi. Aliyetoa kilo 2.5 anahitaji lita 3 hadi 3.7 pamoja na chumvi, akinywa kidogo kidogo, na anaweza. Aliyetoa kilo 8.4 anahitaji zaidi ya lita 10 kabla ya kesho jioni, na utumbo hupitisha takriban lita moja kwa saa ukiwa katika hali nzuri. Akinywa maji matupu kwa pupa, mengi hukojolewa. Dripu haimsaidii kihalali: kanuni za kupambana na dawa haramu haziruhusu zaidi ya mililita 100 katika saa 12 nje ya matibabu ya hospitali, na dawa za kukojoza zimepigwa marufuku moja kwa moja. Kuna na mikataba inayofunga mlango kabisa. Chris Eubank Jr, mwenye miaka 35, Aprili 2025 alisoma pauni 160.05 dhidi ya kikomo cha 160, akalipa faini ya dola 500,000, na bado asubuhi ya pambano hakutakiwa kuzidi 170. Alimshinda Conor Benn kwa pointi, kisha akapelekwa hospitali.

Hata hivyo kupanda uzito si dawa ya kila mtu. Roy Jones Jr alipanda hadi uzito wa juu Machi 2003 na kumshinda John Ruiz akiwa na pauni 193. Aliporudi pauni 175 mwaka huohuo, alimshinda Antonio Tarver kwa tabu, na Mei 2004 Tarver huyo alimwangusha raundi ya pili. Kupanda kulimfaa, kurudi chini akiwa na miaka 34, baada ya kujenga misuli, ndiko kulikomgharimu.

Aliyepanga vizuri ni George Foreman. Alirudi 1987 akiwa na pauni 267 na akapigana mara 24 kabla ya kuonana na Evander Holyfield mwaka 1991. Mwili ulishuka kwa kazi ya ulingoni, si kwa sauna. Marehemu Ricky Hatton alirudi Novemba 2012 baada ya miaka mitatu na nusu, akiwa ameshusha kilo nyingi kwa juhudi ya kweli, na akaanza vizuri dhidi ya Vyacheslav Senchenko bila pambano la kujipima kabla. Raundi ya tisa ngumi ya tumbo ilimmaliza.

Bondia wetu wa kilo 84 basi afanye nini? Welta kwa njia salama zaidi inamtaka afike kilo 70 kabla ya wiki ya mwisho: karibu wiki 26, na pungufu ya kalori 600 hadi 650 kwa siku, protini gramu 2 kwa kila kilo, pungufu hiyo itoke zaidi kwenye sahani kuliko barabarani, kwa sababu magoti ya miaka 38 hayalipi tena mbio za kilomita 15 kila alfajiri. Kwa wiki 16 alizopewa, uzito unaowezekana ni wa kati, akitoa kilo 2.5 za mwisho. Mkataba usainiwe kwa uzito huo, na mizani ipandwe kila Jumatatu asubuhi. Wiki ya 8 inapaswa kusoma kilo 79 na nusu hivi. Ikisoma 81, promota bado ana nafasi ya kusogeza tarehe. Wiki ya 15 hatakuwa nayo.