Hifadhidata za XML Zilipimwa kwa Mizani Isiyo Yake

Kauli kwamba hifadhidata asilia za XML, yaani zile zinazohifadhi hati zenye lebo kama zilivyo bila kuzigeuza majedwali, zimekufa imerudiwa mno hadi wengi wameacha kuihoji. Ushahidi wake upo. Xindice ya Apache, mojawapo ya hifadhidata hizo, ilistaafishwa mwaka 2011. JSON, muundo mwepesi wa kuandika data ulioandikiwa waraka wa kiufundi RFC 4627 mwaka 2006, imechukua sehemu kubwa ya kazi ya kupitisha data kati ya programu na programu. Anayechagua leo mahali pa kuweka oda, malipo au orodha ya wateja hana sababu ya kuzifikiria hifadhidata za XML kama eXist-db au BaseX, na sitamshawishi afanye hivyo.

Ila hukumu hiyo imetolewa kwa kuangalia data yenye umbo la jedwali tangu mwanzo. Hati ni kitu kingine, na hapo ndipo wakosoaji hupita haraka.

Chukua sentensi moja ya sheria: “Mwombaji atarejeshewa malipo ya awali kama ilivyoelezwa katika kifungu cha 7.” Neno “awali” limefungwa kwa lebo inayoonyesha kwamba liliongezwa na marekebisho ya baadaye. “Kifungu cha 7” nacho kina lebo ya rejea. Ukiivunjavunja sentensi hii ili iingie kwenye majedwali, unapata vipande vitano: maneno yaliyotangulia “awali”, “awali” lenyewe, maneno ya katikati, rejea, na nukta ya mwisho. Kila kipande kinadai safu mlalo yake, pamoja na namba ya mzazi na namba ya mpangilio, maana bila hizo sentensi hairudi ilivyokuwa.

Sasa mwanasheria anatafuta “malipo ya awali”. Hakuna safu mlalo hata moja yenye maneno hayo matatu kwa pamoja. Mfumo unamjibu kwamba hayapo, na yeye anaamini, kwa sababu hakuna kosa lolote lililoripotiwa. Hili ndilo linalonisumbua kuliko takwimu zote za kasi: jibu lisilo sahihi linalotoka kimyakimya, tena kwenye maandishi ambayo watu wanategemea kujua haki zao.

Kwenye XPath, lugha ya kutafuta sehemu ndani ya hati ya XML, thamani ya elementi (lebo pamoja na inachokifunga) ni maandishi yote yaliyomo ndani yake, lebo ziwepo zisiwepo. Kwa hiyo contains(., "malipo ya awali") inakipata kifungu bila hila yoyote. Kwa utafutaji wa haraka, eXist-db inakuruhusu kujenga faharasa ya Lucene, programu ya kutafuta matini, juu ya elementi nzima, na kutangaza kwamba lebo fulani ya ndani isihesabiwe kuwa mpaka wa neno. Anayetumia JSON ataniambia kwamba orodha (array) yenye mchanganyiko wa matini na vitu huweza kubeba sentensi hiyohiyo. Huweza, na mpangilio hautapotea. Lakini kazi ya kuunganisha vipande kabla ya kutafuta inabaki mikononi mwake, na ataiandika upya kila mahali anapouliza.

Kifungu cha 7 kikifutwa, mwandishi wa sheria anahitaji kujua ni vifungu vipi vinakitegemea, viwe vimejificha kwenye aya ndogo kiasi gani:

collection("sheria")//kifungu[.//rejea/@lengwa = "k7"]

Mstari mmoja tu. Kina cha mti hakimhusu. Hitaji la aina hii ndilo lililozaa Akoma Ntoso, muundo wa XML wa hati za bunge na sheria ulioanzia katika mradi wa Umoja wa Mataifa kwa mabunge ya Afrika, ukawa kiwango cha OASIS, shirika la viwango vya kidijitali, mwaka 2018.

Upande wa pili una hoja nzito pia. XML 1.0 ilitoka Februari 1998, lakini XQuery 1.0, lugha ya kuziuliza hifadhidata hizi, ilikamilika Januari 2007. Katika miaka hiyo tisa bidhaa zilikwenda kila moja na njia yake, na aliyetaka kuhama alilazimika kuandika maulizo upya. Kipengele cha kupanga matokeo kwa makundi, ambacho SQL, lugha ya hifadhidata za majedwali, ilikuwa nacho miaka mingi, kilingoja XQuery 3.0 ya mwaka 2014. Wajuzi wa lugha hii ni wachache hadi leo, na mradi ukimpoteza mmoja, pengo lake halizibiki upesi. Hoja hii ya watu naiogopa kuliko ya teknolojia.

Halafu hifadhidata kubwa za kimahusiano, yaani za majedwali, hazikulala. SQL Server 2005 ilileta aina ya data ya XML, na DB2 9 ya mwaka 2006 ikaanza kuhifadhi hati kama mti. Aliyekwisha kulipia mojawapo ana haki ya kujaribu hapo kwanza. PostgreSQL ni hadithi nyingine: inakubali safu wima ya XML, lakini inaishia XPath 1.0, na safu wima hiyo huwezi kuiwekea faharasa moja kwa moja kwa sababu thamani zake hazilinganishiki.

Kabla ya kuamua, ingiza hati halisi chache zenye lebo katikati ya sentensi, kisha tafuta kirai unachojua kimekatwa na lebo. Mfumo unaoshindwa hapo usipewe sheria, kamusi wala hati za kale, hata kama kila kipimo cha kasi kinausifu.