Tumwache kocha wa vijana afungwe mechi

Jumamosi moja asubuhi, kwenye uwanja wa vumbi upande wa Mbagala, nilisimama kando ya mstari kutazama timu ya vijana chini ya miaka 15 ya kituo kimoja ikifungwa manne bila. Kufikia bao la tatu, wazazi waliokuwa nyuma yangu walishaacha mpira na kumgeukia kocha. Kwa nini anampanga yule dogo namba nane wakati benchi lina vijana wenye miili? Dogo mwenyewe jezi ilimfika karibu na magoti. Nikaamua kumfuatilia yeye tu. Kabla pasi haijamfikia aligeuza shingo mara mbili, kushoto na kulia, na mpira ulipotua mguuni alishajua anaupeleka wapi. Shida ilikuwa sekunde inayofuata: anapigwa bega na mtu anayemzidi kichwa kizima, dogo chini, mpira umekwenda.

Baada ya filimbi kocha hakumfokea. Alimwambia neno moja dogo, akaandika kitu kwenye daftari lake, akaenda kusikiliza matusi.

Hoja ya wale wazazi, kwamba asiyetosha leo ampishe anayetosha, ndiyo hoja ya viongozi wengi wa klabu, na inastahili kusikilizwa. Kumlea kijana hosteli ni gharama: kitanda, milo mitatu, ada ya shule, matibabu. Vitanda vina idadi. Anayebakizwa kwa matumaini amechukua nafasi ya mwingine aliyeko Tandika au Kigogo, ambaye pengine yuko tayari leo. Upo pia upande wa huruma ambao sisi tunaotetea subira tunaupita haraka mno. Mtoto anayeambiwa ukweli akiwa na miaka 13 anarudi shule kungali mapema. Anayeambiwa akiwa na miaka 19 mara nyingi hana mkataba wala cheti cha kidato cha nne cha kumfikisha popote. Nimekutana na vijana wa namna hiyo. Hawamlaumu kocha aliyewachuja, wanamlaumu aliyewaficha.

Hayo yote nayakubali. Ninapokwama ni kwenye swali la kwanza kabisa: tukimpima mtoto wa miaka 13, tunapima nini?

Kwa sehemu kubwa tunapima kalenda. Makundi ya umri ya FIFA, shirikisho la soka la dunia, na CAF, la Afrika, hukatwa tarehe 1 Januari. Aliyezaliwa tarehe 2 Januari na aliyezaliwa tarehe 30 Desemba ya mwaka huohuo wanahesabiwa rika moja, ingawa wamepishana karibu miezi kumi na miwili. Kwa mtu wa miaka 30 mwaka mmoja si kitu. Kwa mtoto wa miaka 12 ni sehemu moja ya kumi na mbili ya maisha yake yote, na katika miaka miwili au mitatu tangu aanze kucheza mpira kwa akili, mwaka mmoja ni sehemu kubwa mno. Watafiti wa Ulaya wamekuwa wakilikuta jambo hili kwa miongo kadhaa: vituo vya vijana hujaa waliozaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka, na wa miezi ya mwisho huwa wachache. Hakuna anayeamini kwamba Mungu hugawa vipaji Januari na kuvinyima Desemba. Anayegawa ni yule mwenye orodha ya majina siku ya majaribio.

Juu ya kalenda ongeza balehe. Wavulana wengi hurefuka kwa kasi kubwa wakiwa na miaka 14 hivi, lakini wapo wanaoanza mapema zaidi na wapo wanaochelewa mpaka 16. Kwa hiyo kocha anaposema "huyu ana kasi, ana nguvu, mipira ya juu yote yake," huenda anatupa habari za kidevu kilichoanza kuota ndevu. Mwaka wa 17 wenzake watamfikia, na hapo ndipo itaonekana kama alijifunza kitu kingine zaidi ya kusukuma watu.

Mshambuliaji Mbwana Samatta, mtoto wa Mbagala, alizaliwa tarehe 23 Desemba 1992. Katika kundi lolote la waliozaliwa mwaka ule, angekuwa miongoni mwa wadogo kabisa. Alipitia African Lyon na Simba, akaenda TP Mazembe ya Kongo mwaka 2011, Genk ya Ubelgiji mwaka 2016, Aston Villa ya Uingereza mwaka 2020. Najua mfano mmoja haujengi ushahidi. Lakini tarehe ile hainiachi kila ninapoona watoto wamepangwa mstari wakisubiri kutajwa. Wale wa Desemba waliotolewa nje siku ya majaribio, nani anajua walikokwenda?

Na kwetu kalenda yenyewe huchezewa. Mwaka 2005 Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana, walifuzu fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 zilizofanyika Gambia, wakaenguliwa kwa kosa la umri, nafasi ikaenda Zimbabwe. Mwaka 2019 fainali zilipofanyika hapa Dar, Guinea ilifika mchezo wa mwisho, kisha ikaenguliwa kwa umri wa wachezaji wawili. Kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono, picha inayoonyesha mifupa imekomaa kiasi gani, ambacho FIFA ilianza kukitumia kwenye Kombe la Dunia la vijana mwaka 2009, kililenga mpaka wa miaka 17. Kwenye bonanza la chini ya miaka 13 hakuna mashine. Kuna cheti na macho ya mwamuzi. Kocha akiambiwa ashinde au aondoke, kijeba, yaani mkubwa anayejifanya mdogo, atapatikana tu. Na kijeba hamwibii mpinzani peke yake. Wa kwanza kuibiwa ni mwenzake wa timu moja, dogo kama yule wa namba nane, anayekaa benchi akijifunza kwamba mpira si wake.

Mashindano yale ya 2019 ndiyo ninayorudi kwayo kila mara. Vijana wetu walifungwa 5-4 na Nigeria, 3-0 na Uganda, 4-2 na Angola: mabao 12 katika mechi tatu, nyumbani. Tulikasirika, na tulikuwa na haki. Lakini katika kikosi hicho alikuwamo Kelvin John, ambaye mwaka 2021 alisajiliwa Genk. Matokeo ya timu na mustakabali wa mchezaji ni hesabu mbili. Kushinda nako hufundishwa, sibishi, ila hufundishwa vizuri zaidi kwa wanaolingana miili. Uingereza wameshajaribu kupanga baadhi ya mechi kwa kiwango cha ukuaji badala ya mwaka wa kuzaliwa.

Sisi tunaweza kuanza na futi ya fundi cherehani. Pima kimo kila baada ya miezi mitatu, uliza vimo vya baba na mama, andika. Baada ya mwaka mmoja daftari litaonyesha nani anarefuka na nani bado. Kuhusu vitanda, mtoto wa Temeke wa miaka 12 hahitaji hosteli. Anahitaji nauli ya daladala na mazoezi baada ya shule. Vitanda wapewe wa kuanzia miaka 15, na wale wa Kigoma au Mtwara ambao hawana njia nyingine.

Hata mhasibu wa klabu ana sababu ya kusubiri. Kanuni za FIFA hutenga asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa kwa klabu zilizomlea mchezaji tangu miaka 12 hadi 23. Kila msimu wa miaka 12 hadi 15 ni asilimia 0.25 ya ada. Kuanzia 16 ni asilimia 0.5. Mchezaji akiuzwa euro milioni 1, klabu iliyokaa naye misimu ya miaka 12 na 13 kisha ikamchuja inapata euro 5,000. Iliyokaa naye mpaka msimu wa miaka 18 inapata 25,000. Na akiishia kwenye ndondo bila kusajiliwa, miaka ile hailipwi popote.

Subira hii ina mwisho, na hapo nakaa upande mmoja na wale wazazi wa Mbagala. Kijana akifika miaka 17 miili imeshalingana kwa kiasi kikubwa, na kocha hana tena kisingizio cha balehe. Kama hatoshi, aitwe na mzazi wake, aambiwe ana kwa ana, tena baada ya mtihani wa kidato cha nne, siyo wiki mbili kabla yake.