Saa Kumi na Tisa ni Saa Ngapi?

Mtu mzima, mwenye akili zake timamu, anatazama simu na simu inamwambia 19:00. Basi anainua macho darini, midomo inacheza kama anavuta uradi: kumi na tatu ni moja, kumi na nne ni mbili, kumi na tano ni tatu... Akifika kumi na tisa, kidole cha saba kimesimama. Saba. Saba ya nini? Ya jioni, ya Kizungu. Na kwa Kiswahili? Toa sita. Saa moja usiku! Jasho lote hilo kwa swali la "saa ngapi sasa hivi?", na aliyeuliza keshaenda zake.

Wenzetu wa lugha nyingine wana saa mbili tu kichwani, ile ya AM na PM na ile ya jeshi inayohesabu hadi 24, na bado wanalia. Sisi tunabeba tatu: moja iko kwenye simu, moja kwenye tiketi, na ya tatu iko mdomoni. Hazijawahi kukaa meza moja zikakubaliana.

Tuanze na ya jeshi, maana ndiyo inayosingiziwa. Tarakimu nne, basi. Mbili za mwanzo ni saa, mbili za mwisho ni dakika, nukta pacha katikati hazipo. Siku inaanza 0000, inakwenda mpaka 2359, kisha inarudi 0000. Sifuri ya mbele si pambo, ni sehemu ya jina: saa moja na dakika tano asubuhi ni 0705. Ukiandika 705 msomaji anabaki anajiuliza tarakimu ya nne imeangukia wapi, kama ilikuwa 0705 au 1705. Hizo ni saa kumi za tofauti kwa sababu ya uvivu wa kuandika yai moja.

Tatizo ni namna askari wanaotumia Kiingereza wanavyoisoma. 0700 wanaitamka "sifuri saba mia". Mia ipi? Hakuna mia hapo. Lakini neno likishaingia masikioni, mtu anaanza kuamini kwamba saa ina dakika mia, na hapo ndipo maafa yanapozaliwa. Zamu imeanza 0845, imekwisha 1310. Anachukua kikokotoo: 1310 toa 0845, anapata 465. Anaandika saa nne na dakika sitini na tano. Dakika sitini na tano! Hizo si dakika, hiyo ni saa nzima na chenji yake. Baada ya 1359 inakuja 1400. 1360 haijawahi kutokea tangu dunia iumbwe. Ukitaka kutoa, pandia ngazi: kutoka 0845 hadi 0900 ni dakika 15, kutoka 0900 hadi 1300 ni saa 4, kutoka 1300 hadi 1310 ni dakika 10. Jumla saa 4 na dakika 25. Kikokotoo kimekuongezea dakika arobaini, na hutakuta bosi anayelipa dakika za kikokotoo.

Kasorobo nayo ina kesi yake. Mtu anaambiwa "saa moja kasorobo usiku", anajua saa moja usiku ni 1900, anatoa kumi na tano, anaandika 1885. Ni 1845, ndugu yangu. Kasorobo inakuhamisha kwenye saa iliyotangulia, na huko dakika zinahesabiwa kutoka sitini kurudi chini.

Kuitoa saa ya jeshi kwenda ya AM na PM hakuhitaji shahada. Kuanzia 0100 hadi 1159 hugusi kitu, unaweka nukta pacha na kubandika AM. Kuanzia 1300 kwenda juu unatoa kumi na mbili kwenye saa, dakika unaziacha zilivyo, unabandika PM: 1745 inakuwa 5:45 PM. Anayeona kumi na mbili ni mzigo atoe mbili kwanza, kisha kumi. 22 toa mbili ni 20, toa kumi ni 10. 21 toa mbili ni 19, toa kumi ni 9. Kurudi kutoka PM kwenda jeshini ni kuongeza hiyo hiyo kumi na mbili. Sherehe inaharibika kwenye 12 peke yake, na huyo 12 nina maneno naye. Asubiri kidogo.

Kinachonikera zaidi ni Waswahili wenzangu wanaopitia kwa Mzungu kwanza. 1600, ah, hiyo ni nne ya jioni, sasa nne ya Kizungu kwa Kiswahili ni... Kwa nini unazunguka? Njia ya mkato ipo. Kuanzia 0700 hadi 1859 toa sita: 1600 ni saa kumi jioni, imekwisha. Kuanzia 0000 hadi 0659 ongeza sita: 0430 ni saa kumi na nusu alfajiri. Na kuanzia 1900 hadi 2359 toa kumi na nane, lakini hapo wala usihangaike kutoa. Kumbuka moja tu: 20 ni saa mbili usiku. Ile 2 unaiona kwa macho. Nyuma yake 19 ni saa moja, mbele yake 21 ni tatu, 22 ni nne, 23 ni tano. Na nguzo za nyumba ni nne, zimeachana kwa sita sita: 0000 saa sita usiku, 0600 saa kumi na mbili asubuhi, 1200 saa sita mchana, 1800 saa kumi na mbili jioni. Ukipotea, shika nguzo iliyo karibu uhesabu kutoka hapo.

Saa ya mishale ndiyo ilikuwa na huruma. Mshale mfupi ukielekea kwenye 9, unatazama upande wa pili wa duara, unakuta 3, unasema saa tatu. Hesabu zote amekufanyia fundi aliyeichonga. Zilipokuja saa za tarakimu, upande wa pili ukatoweka, na mzigo ukahamia kwenye ubongo wako.

Halafu kuna wale ambao jicho lao linaona tarakimu moja tu. Simu inasema 14:00, jicho linadaka ile 4, mdomo unasema "saa nne". Mwenzake aliyesoma 2 PM anasema "saa mbili". Wa tatu anasema "saa nane", na ndiye pekee aliye sahihi, lakini anazidiwa kura.

Sasa nimgeukie huyu 12. AM ni ante meridiem, Kilatini, maana yake kabla ya adhuhuri. PM ni post meridiem, baada ya adhuhuri. Vizuri. Niambieni basi, adhuhuri yenyewe ni kabla ya adhuhuri au baada ya adhuhuri? Na saa sita usiku, ambayo ni baada ya adhuhuri ya jana na kabla ya adhuhuri ya leo, tuipe herufi gani? Mazoea yamesema 12 PM ni mchana na 12 AM ni usiku, lakini hayo ni mazoea, mantiki haikualikwa. Hata mwongozo wa uchapaji wa serikali ya Marekani, katika toleo la mwaka 2000, uliandika kinyume chake: 12 p.m. ilikuwa usiku. Toleo la 2008 likageuza. Ikiwa serikali yenyewe ilihitaji kugeuka, wewe uliyeweka kengele ya 12 PM ukitaka ikuamshe usiku utajilaumu nini?

Tena huyo 12 hana adabu ya foleni. Inakuja 11 AM, halafu 12 PM, halafu 1 PM. Herufi imebadilika saa moja kabla ya namba kuanza upya. Nani alipanga hivyo? Ndiyo maana kwenye kugeuza kuna mistari miwili ya kukariri kama shairi: 1200 hadi 1259 usitoe kitu, weka PM, 0000 hadi 0059 ongeza kumi na mbili, weka AM. 0020 ni 12:20 AM, yaani saa sita na dakika ishirini usiku. Anayetoa kumi na mbili kwenye 1230 anapata 0:30 PM, saa ambayo haimo kwenye uso wa saa yoyote ya namba kumi na mbili. Wanaoandika mikataba walishachoka, wanaandika 11:59 PM au 12:01 AM ili mtu asije mahakamani na Kilatini.

Jina "saa za jeshi" lenyewe ni la Wamarekani. Kwao jeshi la majini lilichukua mfumo huo 1920, na jeshi la nchi kavu 1942. Kwingineko hii ni saa ya treni, ndege na hospitali. Reli za Italia ziliihama AM na PM tangu 1893. Na Sandford Fleming, mhandisi wa reli wa Kanada, aliachwa na treni huko Ireland mwaka 1876 kwa sababu ratiba ilichapwa PM mahali pa AM. Mtu mwingine angetukana akalala kituoni. Yeye alianza kuipigania saa ya saa 24 na saa ya pamoja ya dunia nzima, na mkutano wa Washington wa 1884 ukapitisha kwamba siku ya dunia ianze usiku wa manane, ihesabiwe sifuri hadi ishirini na nne. Hasira za kuachwa na treni zina faida zake.

Lakini saa ya jeshi nayo si malaika. Doa lake liko kwenye usiku wa manane, na doa hilo linakula nauli. Tiketi imeandikwa tarehe 15, 0030. Mtu anajua kabisa hiyo ni saa sita na nusu usiku. Tarehe 15 anashinda nyumbani anakunja nguo, anaaga majirani, usiku anafika uwanjani kifua mbele. Ndege iliondoka usiku uliopita. Tarehe 15 ilianza 0000, kwa hiyo 0030 ni nusu saa tu baada ya tarehe 14 kwisha, na safari unaifunga tarehe 14 jioni. Kiswahili kina dawa yake, "usiku wa kuamkia tarehe 15", lakini hakuna mashine ya tiketi inayoiandika. Ukiambiwa 2400 ya tarehe 14, hiyo ni nukta ile ile ya 0000 ya tarehe 15. Ya kwanza inafunga mlango, ya pili inaufungua. Ukitaka usigombane na watu, panga miadi 2355 au 0005.

Kompyuta nayo ina vitimbi vyake. Kwenye Excel, ile programu ya majedwali, ukiandika 1830 bila nukta pacha, haioni saa, inaona elfu moja mia nane na thelathini. Ukiiambia ioneshe kama tarehe, inakupeleka tarehe 3 Januari 1905. Ukiandika 0045 inakula sifuri zote mbili, unabaki na 45. Andika 18:30 na 0:45, itaelewa. Na zamu iliyoanza 22:00 ikaisha 06:00, ukitoa mwisho kwa mwanzo unapata safu ya alama za reli (#####), kwa sababu haijui muda ulio chini ya sifuri. Weka mwanzo kwenye kisanduku A1 na mwisho kwenye B1, kisha tumia =MOD(B1-A1,1), itakupa saa nane zako.

Tukadhani tumemaliza, kumbe kuna herufi. Ujumbe unakuja: mkutano 1500Z. Z ni Zulu, yaani saa ya dunia, UTC. Kila ukanda wa saa una herufi yake: A ni saa moja mbele ya Z, B mbili, C tatu, hadi M kumi na mbili. J imerukwa, imeachiwa kazi ya kumaanisha "saa ya hapo ulipo". N hadi Y zinakwenda nyuma. Aliye kwenye ukanda wa C anaongeza tatu: 1500Z ni 1800C. Ikizidi 2359, toa 2400 na usogeze tarehe mbele: 2200Z ni 0100C ya kesho.

Basi mtu mwema anakaa, anaongeza tatu, anapata 1800, anatoa sita, anaandika kwenye kundi kwa herufi kubwa, hataki utani: MKUTANO SAA KUMI NA MBILI JIONI. Haijapita dakika, jibu la kwanza linaingia: "Kumi na mbili ya Kiswahili au ya Kizungu?"