Funguo za maktaba ya shule zikae kwa nani?

Katika sekondari nyingi za kata, mwalimu wa maktaba hupatikana kwenye kikao cha kugawana majukumu mwanzoni mwa mwaka. Huyu anapewa michezo, yule mazingira, na anayefundisha Kiswahili au Kiingereza anakabidhiwa funguo za maktaba, pengine kwa sababu tu somo lake lina riwaya na tamthilia. Vipindi vyake vinabaki vilevile. Ndiyo maana wapo wanaodai kila shule iajiri mkutubi aliyesomea kazi hiyo. Wengine wanaiona hiyo kuwa anasa kwa shule isiyo na hata mwalimu wa fizikia.

Kazi yenyewe ni nyingi kuliko inavyodhaniwa. Vitabu vikifika, mwalimu huyu huvipiga muhuri, huvipa namba na kuviingiza kwenye leja. Huazimisha, hudai, hugundisha majalada yaliyobanduka, hukaa na kidato cha nne wanaojisomea jioni. Penye kompyuta, ndiye anayetarajiwa kuwaonyesha wanafunzi namna ya kufungua Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Juu ya hayo, anatakiwa amfundishe mtoto kutafuta jambo kwenye faharasa, kulinganisha vitabu viwili vinavyopingana, na kuandika kwa maneno yake badala ya kunakili ukurasa mzima. Hili la mwisho ni ualimu hasa, na ndilo linaloachwa kwanza muda ukibana.

Wanaotaka mkutubi kamili wana hoja nzito. Tamko la IFLA (shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba) na UNESCO kuhusu maktaba za shule, la mwaka 1999, linamtaja mkutubi wa shule kuwa mtumishi mwenye taaluma anayepanga na kuendesha maktaba akishirikiana na walimu. Tanzania ina chuo cha ukutubi Bagamoyo tangu 1989, kwa hiyo si kwamba utaalamu huo hauna pa kusomewa. Na utaalamu unaonekana hata kwenye rafu. Katika mpangilio wa Dewey, unaopanga vitabu kwa namba kufuata mada, fasihi ya Kiswahili inakaa 896.392 na lugha yenyewe 496.392. Mahali ambapo hakuna aliyefundishwa hayo, vyote hurundikwa chini ya kibandiko kimoja kilichoandikwa “Kiswahili”. Msichana wa kidato cha pili aliyemaliza riwaya moja akija kutafuta nyingine anakuta sarufi, mwongozo wa insha, sarufi tena. Anaondoka. (Kwa rafu tatu, vibandiko vya rangi vingetosha, lakini hata hivyo lazima awepo mtu wa kulifikiria hilo.)

Upande wa pili nao hauwezi kupuuzwa. Mwalimu anaujua muhtasari wa somo, anajua mada ya wiki ijayo, anajua nani anasoma kwa shida na anaficha. Mkutubi aliyetoka chuoni bila kufundisha hata siku moja anaweza kukupa maktaba iliyonyooka kama gwaride, wanafunzi wakiogopa kugusa kitabu wasije wakaharibu mpangilio. Marekani majimbo mengi yamekataa kuchagua kati ya hao wawili: yanataka mkutubi wa shule awe na leseni ya ualimu pamoja na mafunzo ya maktaba. Kwetu mtu mwenye vyeti vyote viwili ni adimu, na akipatikana, mkuu wa shule mwenye upungufu wa walimu atampeleka darasani tu.

Mimi naona mjadala huu unaruka jambo moja, nalo ni stoo. Katika shule nyingi, maktaba na ghala la vitabu vya kiada ni chumba kimoja, na mwenye funguo ni mmoja. Vitabu vya kiada huja kwa mamia, hugawiwa kwa madarasa na kukusanywa mwisho wa mwaka, na kila nakala ina hesabu yake. Kitabu kikipotea, mwalimu wa maktaba anaulizwa, na mwaka mzima ukipita bila kitabu kuazimwa, haulizwi. Mtu mwenye akili timamu atafanya nini hapo? Atafunga mlango. Hata ukimwajiri mhitimu wa Bagamoyo kesho na kumwachia leja ileile, baada ya muhula mmoja atakuwa mtunza stoo mwenye diploma.

Kwa hiyo ningeanza na hilo, maana haligharimu mshahara mpya. Vitabu vya kiada vihamie ofisi ya taaluma au kwa walimu wa masomo. Mwalimu wa maktaba apunguziwe vipindi kidogo, apewe viranja wawili watatu wa kuazimisha saa za mapumziko, na kikao cha walimu kisikie kila mwezi vitabu vingapi vimetoka, si vingapi vimepotea tu. Uchakavu na upotevu mdogo uhesabiwe mapema kuwa sehemu ya matumizi.

Mtaalamu bado anahitajika, ila si lazima akae shule moja. Mkutubi mmoja anaweza kuzunguka kundi la sekondari za wilaya, akapanga rafu, akawafunza walimu na viranja, kisha akarudi muhula unaofuata kukagua. Ugumu wa mpango huu ni nauli na mwajiri: Bodi ya Huduma za Maktaba ina wataalamu, shule ziko chini ya halmashauri, na mtumishi wa huku anayefanya kazi kule huishia kukosa posho pande zote mbili. Na shule za msingi ambazo maktaba yake ni kabati moja ofisini kwa mwalimu mkuu zingebaki nje ya ratiba yake kwa miaka kadhaa.