Kabla ya Kuota, Planaria Hubomoa

Katika masomo yetu minyoo bapa ni tegu na minyoo ya kichocho, basi. Mimi nafundisha baiolojia hapa Moshi, na kwangu hiyo ni dhuluma kwa planaria, mnyoo bapa asiyemdhuru mtu. Hata anapotajwa, husifiwa kwa jambo moja tu: ukimkata vipande viwili, unapata minyoo wawili. Sifa hiyo inaficha nusu ya kazi.

Mwaka jana niliwapeleka wanafunzi kwenye kijito kinachoshuka kutoka mlimani. Tuligeuza mawe, tukawakuta wamenata chini yake: vijinyoo vya kahawia, vidogo kuliko punje ya mchele, na macho mawili yenye makengeza. Darasani tulimkata mmoja kwa wembe. Kichwa kikaendelea kutambaa. Binti mmoja akauliza, "Mwalimu, sasa hicho kitakula kwa wapi?"

Aliuliza la maana kuliko yote niliyoandaa siku ile. Planaria hali kwa kichwa. Koromeo lake huchomoza katikati ya tumbo kama mrija. Kichwa kilichokatwa hakina pa kulia, lakini kinatakiwa kujenga mwili mzima. Kitajenga kwa kilichomo ndani yake.

Seli shina zake, neoblasti, hugawanyika na kutoa tishu mpya. Hizo ndizo zinazosifiwa. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2010 juu ya Schmidtea mediterranea, aina mojawapo ya planaria, ulionyesha kwamba ndani ya saa chache seli za karibu na jeraha hufa kwa mpango, kifo kinachoitwa apoptosi. Kufikia siku ya tatu vifo hivyo vimeenea mwili mzima, hata kwenye koromeo ambalo wembe haukuligusa. Mnyoo akikatwa vipande vitatu, cha katikati hubaki na koromeo la mnyoo mkubwa, ilhali mwili sasa ni mdogo. Lazima lipunguzwe lilingane nao.

Kuna na otofajia: seli hufungia vipande vyake chakavu ndani ya kifuko, ikavimeng'enya, ikatumia tena malighafi yake. Mwanabiolojia wa Japani, Yoshinori Ohsumi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2016 kwa kufichua taratibu hizo ndani ya hamira.

Wanafunzi walinielewa nilipotaja kihamba, shamba la migomba la nyumbani la Wachagga. Bibi yangu akishakata mkungu, aliangusha mgomba, akalipasua gogo na kulilaza shinani ili machipukizi yapate chakula. Hakuna aliyemwambia anaharibu shamba.

Walimu wenzangu, jaribuni. Chupa, wembe, maji ya kijito (ya bomba yenye klorini huwaua), na kipande cha ini. Msikimbilie kuonyesha mnyoo mpya. Wafundisheni watoto na zile siku za mwanzo, kipande kinapojila.

Wiki ya tatu yule binti aliweka chembe ya ini la kuku ndani ya chupa. Kile kilichokuwa kichwa kikaisogelea, kikaifunika kwa tumbo lake jipya, kikatoa mrija mweupe, kikaanza kula.